Yiti, Kijiji cha Mdomo wa Wadi

Barabara ya kwenda Yiti inaanzia pale mji wa Muscat, Oman, unapoishiwa na ardhi tambarare. Ukitoka Ruwi, ukiyapita maduka ya vipuri na gereji za Wadi Kabir, mlima unakusimamia mbele, na lami inaukwea kwa kona kali zinazowafanya abiria waache mazungumzo na kushika mlango. Ukifika juu, kabla ya kuanza kuteremka, bahari inaonekana kwa mbali upande wa kushoto, buluu iliyokolea. Mbele ni milima juu ya milima mpaka macho yanachoka.

Haina mti. Haina nyasi. Ni mawe matupu, mengine ya kahawia iliyoungua, mengine ya kijivu, mengine yenye wekundu wa kutu, na kila bonde baina yake limejaa kokoto zilizopauka kwa jua. Ndani ya Wadi Mayh, bonde refu linaloteremka mpaka Yiti, tabaka za miamba zimejikunja kama khanga iliyovuliwa ikaachwa kitandani. Wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuzitazama, kwa kuwa mikunjo hiyo ni miongoni mwa mikubwa ya aina yake inayojulikana duniani. Mtu akisimama chini yake anajiona mdogo, na anajua kwamba mlima huu haukuumbwa kwa kipimo chake.

Mimi nimetoka nchi ambayo kiangazi kikikolea, moto hupanda milimani. Tunaujua moshi wa nyika, tunaijua harufu yake kwenye nguo zilizoanikwa. Huku moto wa msituni hauna cha kula. Balaa la huku huja na maji, na huja katika nchi ambayo kwa siku nyingi za mwaka haioni hata wingu. Nilitaka kuona watu wanaishije mahali kama hapo, na hasa wanafanyaje siku balaa linapobisha hodi.

Dereva wangu ni kijana aliyezaliwa hapa Muscat na wazazi waliotoka Unguja. Kiswahili chake ni cha nyumbani, kimejaa "wallahi" na "yakhe". Tulipofika kwenye wadi, yaani njia ya maji ambayo huwa kavu mpaka mvua inyeshe, alipunguza mwendo, akanionyesha kwa kidevu nguzo zilizosimikwa pembeni mwa barabara.

"Hizo usizidharau," alisema. "Ndizo zinazokwambia upite au ukae."

Ni nguzo zenye mistari myekundu na myeupe. Barabara za Oman zinapokatiza wadi mara nyingi utazikuta, na kazi yake ni kupima kina cha maji. Nilishuka nikasimama karibu na mojawapo. Chini yake palikuwa pakavu kabisa. Kokoto, mavi ya mbuzi, kijiti cha mtende. Mjusi alikimbia akaingia chini ya jiwe. Hapakuwa na dalili yoyote ya unyevu, na bado mtu fulani aliona haja ya kuweka kipimo kinachonifika kifuani.

Kisha nikatazama juu. Kulikuwa na mgunga mkubwa ukingoni mwa bonde, umeinama wote kuelekea baharini. Katika matawi yake, juu ya kichwa changu, kulikuwa kumenasa fungu la takataka: nyuzi za mitende, mfuko wa plastiki uliochakaa, kipande cha wavu wa samaki wa rangi ya kijani, na kandambili moja ya mtoto. Nilinyoosha mkono. Sikulifikia. Hakuna mtu aliyevipachika vitu vile pale. Vililetwa na maji, na maji yalipoondoka yakaviacha.

Muscat hupata mvua ya takriban milimita 100 tu kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya hizo katika mwezi mmoja wa masika. Lakini udongo wa kwetu hunywa maji, na miti huyazuia kidogo kidogo. Mwamba wa huku haunywi. Tone linaloanguka kileleni huteleza, linakutana na mengine, yote yanatafuta njia moja ya kushuka, na njia yenyewe ni nyembamba, imebanwa na kuta za mawe pande mbili. Jua linaweza kuwaka Yiti huku mvua ikinyesha mbali bara, nyuma ya milima, na saa chache baadaye wadi ikafika ikivuma. Nilipita kando ya majiwe yaliyolala katikati ya bonde, mengine makubwa kuliko gari tulilokuja nalo. Yamelainika kwa kusagana. Nayo pia yaliletwa na maji.

Yiti iko mwisho wa safari hiyo. Bonde linapanuka, milima inasogea pembeni, na kijiji kinajitandaza baina ya mawe na bahari. Nyumba ni za ghorofa moja au mbili, nyeupe na za rangi ya mchanga, zenye mageti ya chuma yaliyopakwa rangi na nakshi za maua. Mitende imesimama katika viwanja vyenye kuta fupi. Mikunazi imetupa vivuli barabarani. Mbuzi wanatembea watakavyo, wanasimama katikati ya njia, wanatazama gari kwa utulivu wa mwenye mji.

Pembeni mwa kijiji bahari inaingia ndani kwa mkono mwembamba, na maji yakitoka unabaki uwanda wa tope linalong'aa. Yangeyange walikuwa wamesimama humo kwa mguu mmoja. Vitwitwi walikimbia na kudonoa, wakakimbia tena. Harufu ni ya chumvi, mwani na samaki aliyekauka. Ng'ambo ya tope kuna ufuo mrefu wa mchanga, na mwisho wa ufuo miamba imesimama ndani ya maji, imeliwa na mawimbi chini mpaka imebaki na viuno vyembamba na vichwa vizito. Boti za faiba zilikuwa zimepandishwa mchangani kwa mstari, mashine zimeinuliwa. Wavuvi wawili walikuwa wanashona wavu. Waliinua macho, wakatusalimu, wakarudi kwenye kazi yao.

Ni mahali pazuri, na ule uzuri hauwezi kutengwa na hatari yake. Mchanga huu, kokoto hizi, hata udongo mchache unaoiotesha mitende, vyote vimeshushwa na wadi kwa maelfu ya miaka. Kijiji kimejengwa juu ya zawadi za kitu kilekile kinachokitisha.

Barazani kwa mzee mmoja ndipo tulipoketi. Dereva alimjua kwa njia ya shemeji yake, kama ilivyo kawaida katika nchi hii ambayo kila mtu ana mtu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, ile ile ambayo ungeiona Darajani au Wete.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka Bara au Visiwani?"

Yeye mwenyewe kazaliwa Pemba. Alikuja Oman akiwa kijana katika miaka ya sabini, wakati nchi ilipokuwa inafunguka na kuwapokea watu wake waliotawanyika Afrika Mashariki. Akaoa huku, akabaki. Kiswahili chake kimebaki cha utotoni, safi, na maneno mengine ambayo sasa huyasikii ila kwa wazee. Kijana wa nyumba alituletea birika la kahawa yenye hiliki na sahani ya tende. Kikombe hakina mkono, na humiminiwa kidogo kidogo. Ukitosheka, unakitikisa kwa kukipindua kidogo kulia na kushoto ndipo anayemimina akuache. Nilisahau kukitikisa, na nikanywa zaidi ya nilivyokusudia.

Tulizungumza juu ya Juni 2007. Hakuna mtu mzima wa pwani hii asiyeukumbuka mwezi huo. Kimbunga Gonu kilikuwa kimeinuka katika Bahari ya Arabia, na kilipofika kilele, huko baharini, upepo wake ulifikia takriban kilomita 270 kwa saa. Kilikuwa kikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa katika bahari hiyo mpaka wakati ule. Kilidhoofika kabla ya kuigusa Oman tarehe 5 na 6, lakini sehemu za pwani zilipata zaidi ya milimita 600 za mvua, yaani mvua ya miaka sita kwa hesabu ya Muscat. Watu wapatao 50 walikufa nchini. Hasara ilihesabiwa kuwa dola bilioni 4 hivi. Barabara zilikatika, umeme ukazimika, na mitambo mikubwa inayosafisha maji ya bahari ikasimama, hivyo mji uliofurika maji ukakosa maji ya kunywa.

Mzee hakuzitaja takwimu. Alizungumza juu ya sauti. Alisema wadi ikishuka kwa nguvu, unachokisikia zaidi ni mawe, yanayogongana na kusagana chini ya maji. Ukiwa umelala chini unayasikia mbavuni. Kwao Pemba, aliongeza, wazee walikuwa wakisimulia kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, na akiwa mtoto alidhani ni masimulizi tu ya kutishia watoto wasitoke usiku.

Nilimwuliza msaada ulitoka wapi. Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni geni. Akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya jirani, kisha ya pili, kisha ile iliyo juu kidogo kwenye mwinuko.

Kwa namna alivyosimulia, mambo yalikwenda bila ya mtu kuyaamrisha. Waliokuwa na nyumba za juu walifungua mageti. Wenye boti walizivuta mbali na maji, wakazifunga kwenye mitende. Wagonjwa na wazee walibebwa vitini. Kila mtu alijua nani hawezi kutembea, nani ana mimba, nani anaishi peke yake, kwa sababu walikuwa wanayajua hayo hata kabla ya mvua. Na barabara ilipokatika, kijiji kikabaki na kile kilichokuwa nacho ghalani: mchele, unga, tende, samaki mkavu. Vikawekwa pamoja.

Kulikuwa pia na vibarua wa kigeni, wavuvi na mafundi kutoka ng'ambo ya bahari, ambao vibanda vyao vilikuwa chini, karibu na njia ya maji. Hao, alisema, walilala msikitini, na wakala kwenye sinia moja na wenyeji. Alilisema hilo kwa haraka, akapita. Mimi ndiye niliyelishika, kwa sababu katika kila balaa nililowahi kulisikia, anayesahauliwa kwanza ni mgeni asiyekuwa na jina kwenye orodha ya mtu.

Mkewe alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni. Kiswahili anakielewa, kakipata kwa mumewe na kwa mawifi, ingawa hujibu kwa kukichanganya na Kiarabu. Alimwita mjukuu wake wa kiume, akamwambia atoe kitu stoo. Kijana akarudi akiwa amekumbatia sufuria.

Ni sufuria ya shaba, pana kiasi kwamba mikono ya kijana haikukutana upande wa pili. Ndani imepakwa bati, na bati limeliwa katikati ambako mwiko umepita mara nyingi zaidi. Chini ni nyeusi, masizi yameshikamana tabaka juu ya tabaka. Ina mikono miwili. Mmoja ulikatika na umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, ukasokotwa vizuri ili usimchome anayebeba. Ubavuni imebonyea mahali kadhaa. Humo huingia mbuzi mzima na mchele wake.

Bibi alieleza kwamba sufuria ile haina mwenyewe. Imo ndani ya stoo yake tu. Akiolewa mtu, inatoka. Ikifika Idi, inatoka. Akifa mtu, inatoka, na hurudishwa ikiwa imesuguliwa. Mwaka 2007 ilitoka. Wanawake walipikia ua mmoja, ule wenye ukuta mzima, kuni zikiwa ni makuti na mbao zilizoletwa na maji na kuanikwa juu ya mawe mpaka zikashika moto. Aliinamia ile sufuria akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kwa sauti nzito, naye akacheka.

Niliigusa. Hapo ndipo niliposhika kile nilichokuwa nakitafuta tangu tulipoanza kuteremka mlima. Huruma ya siku ya balaa haiji siku hiyo. Hutengenezwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye kuazimana chumvi na ngazi na pampu ya maji. Watu waliozoea kula sinia moja hawahitaji kikao ili wajue watakulaje siku barabara imekatika. Wanajua nani anajua kupika chakula cha watu mia, sufuria iko kwa nani, na nani ataibeba.

Kwetu sisi tumeyaona haya kwa moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka. Moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kwenye njia ya Marangu, baina ya Mandara na Horombo, na upepo na ukavu vikauchukua. Usiku watu wa Moshi walisimama nje ya nyumba zao wakiutazama mstari mwekundu juu gizani, mlima ambao kila mtoto wa pale huamka akiutazama. Kabla haujadhibitiwa uliteketeza takriban kilomita 95 za mraba. Waliopanda kuukabili walizidi 500: askari wa hifadhi, wanafunzi, wapagazi, wanavijiji. Wengi walikuwa na mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia moto. Hewa huko juu ni nyembamba, na mtu anayepiga moto kwa tawi anahema kupita kawaida. Wapagazi wanaijua kila njia ya mlima ule, na wanavijiji wa mteremkoni wanayajua maji yake kwa sababu ndiyo yanayofika katika mifereji ya migomba yao. Waliupanda kwa sababu ni wao.

Miaka tisa kabla ya hapo, Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingia baharini kuokoa watu. Na Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80, mji wa Katesh chini yake ulipokea unga, mablanketi na nguo kutoka kila pembe ya Tanzania, lakini mikono ya kwanza iliyochimba tope ilikuwa ya Katesh penyewe. Moto, bahari, tope, wadi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Msaada mkubwa wa mbali ni lazima uje, na huja. Lakini saa za mwanzo, ambazo mtu huishi au kufa ndani yake, ni za jirani.

Nilipotoka barazani, dereva alinipeleka kwa miguu mpaka ufukweni. Njiani alinisimulia ya kwake. Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kiliingia nchi kavu upande wa Batina, kaskazini-magharibi ya Muscat. Khabura ilipata milimita 369 za mvua kwa siku moja hivi. Nyumba za Suwaiq na Khabura zilijaa tope mpaka madirishani. Mwisho wa wiki uliofuata barabara ya kwenda Batina ilijaa magari kutoka kila mkoa. Naye alikuwemo, na rafiki zake, ndani ya pikapu yenye mabeleshi, mifagio ya kusukumia maji, katoni za maji na sufuria. Walipangwa nyumba kwa nyumba. Alichokikumbuka ni uzito: zulia lililolowa tope, alisema, watu wanane hawaliinui. Na alikumbuka mama mmoja aliyekuwa amepoteza kila kitu sebuleni, ambaye alisimama mlangoni akiwahangaikia wao, wageni wake, kwamba hajawakirimu hata kahawa.

"Tulimwambia, mama, kahawa tumekuja nayo," alisema.

Wale waliosaidiwa 2007 walikuwa wanalipa, na waliowalipa hawakuwa ndio waliowakopesha. Hivyo ndivyo deni la namna hii linavyotembea. Haliandikwi popote, na halipotei.

Hata hivyo huruma haizuii maji. Lazima hili lisemwe waziwazi, kwa sababu tukiwasifu majirani kupita kiasi tunaweza kuwaachia mzigo usio wao. Baada ya 2007 Oman ilijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko, ikaimarisha madaraja, na ikaweka utaratibu wa kuwatahadharisha watu mapema. Maonyo sasa huwafikia watu kwenye simu zao kabla wingu halijatua. Na bado, Aprili 2024, wadi ya mkoa wa Sharqiya Kaskazini iliwachukua watoto wa shule waliokuwa garini. Sikumwuliza mzee juu ya hilo. Lilikuja lenyewe katikati ya kahawa, naye alinyamaza kidogo, akasoma dua, akaendelea na mengine. Bwawa, daraja na onyo ni haki ya watu wa bondeni. Ujirani unaanza pale hayo yanapoishia, wala usitumiwe kuyafidia.

Ufukweni maji yalikuwa yamerudi, tope limefunikwa, yangeyange wamehamia kwenye mawe. Wavuvi walikuwa wamemaliza kushona wavu na wanaukunja. Kwenye pwani hii kunainuka mji mpya. Unaona winchi juu ya majengo, unasikia nyundo, unaona malori yakipanda na kushuka na vumbi jeupe nyuma yake. Wamepangwa kuishi humo maelfu ya watu, katika nyumba za kisasa zenye umeme wa jua. Kazi zitakuja, barabara itapanuliwa, hospitali itakuwa karibu. Hakuna mtu Yiti aliyeniambia hayataki hayo, nami sioni kwa nini wayakatae.

Swali langu ni dogo zaidi. Watu watakaohamia humo watatoka nchi nyingi, na wataijua bahari kabla ya kuijua wadi. Wataiona kokoto kavu mwaka mzima, watadhani ni barabara. Watahitaji kuambiwa na mtu, na mtu huyo yuko upande wa pili wa tope, amekaa barazani na birika la kahawa. Itafaa sana kama kutakuwa na njia ya miguu baina ya mji na kijiji, na sababu ya kuipita: msikiti mmoja, soko moja la samaki, shule moja ya watoto. Ujirani nao hujengwa, na ni rahisi zaidi kuujenga wakati saruji bado mbichi.

Nimeondoka Yiti nikiwaza mtaa wangu mwenyewe. Tuna mto nyuma ya nyumba ambao masika hupanda, na tuna kiangazi ambacho nyasi za uwanjani huwaka kwa kijinga kimoja. Tuna kundi la simu ambalo huwa na pole nyingi mtu akifiwa. Hayo ni mema, lakini sijui ni nani katika nyumba kumi zinazonizunguka asiyeweza kushuka ngazi bila ya msaada. Sijui ngazi ndefu iko kwa nani, wala ni kisima kipi kinachotoa maji umeme ukikatika. Watu wa Yiti wanayajua hayo yote ya kwao, na hawakuyajifunza kwa sababu ya Gonu. Waliyajua kwa kuoleana, kuzikana na kula pamoja, na Gonu ilipokuja ikawakuta wanayajua. Nikirudi nyumbani nitaanza na nyumba ya kulia kwangu, nibishe hodi nikiwa na kitu mkononi, bila ya kusubiri msiba. Nitauliza hali, kisha nitauliza juu ya ngazi.